Mwalimu Ndeshi Apata Kiwanja Oldeani

Mwalimu Ndeshi Elisaria, aliyefundisha Kiingereza na fasihi yake katika shule yetu kwa miaka kumi na tisa, anastaafu tarehe 30 Juni 1987. Alikuja Karatu kutoka Machame na hakuomba uhamisho hata mara moja.

Kwa muda mrefu alikuwa peke yake katika idara: mkuu, katibu na mjumbe. Wenzake walimtania kwamba vikao vyake ndivyo pekee visivyo na ugomvi. Vitabu vilikuwa haba, hasa mpaka wa Kenya ulipofungwa. Riwaya ikija nakala moja kwa darasa zima, aliikata kwa wembe sura kwa sura, akashona kila sura kwa uzi wa magunia, na kila dawati likapata kipande chake. Kisha wanafunzi walisimuliana kwa Kiingereza mpaka hadithi ikakamilika. Mwaka mmoja Meitamei, kijana wa Ololosokwan, alibishana wiki nzima kwamba mzee wa riwaya hajafa. Katika kipande chake mzee alikuwa hai, na ng'ombe wake wote wazima. Darasa lile halikuwa na aliyeanguka fasihi.

Kila Desemba Wachaga wa hapa hupanda basi kwenda kwao. Mwalimu Ndeshi alibaki. Krismasi ilimkuta kwenye nyumba ya shule, na redio. Wengine walisema anabania nauli. Ukweli ni kwamba mama yake alifariki mwaka 1974, kihamba, yaani shamba la ukoo, kikagawanywa kwa kaka zake, na yeye, ambaye hakuolewa, hakubakiwa na mlango wa kubisha hodi.

Hivyo kustaafu kulimletea swali moja: akishakabidhi nyumba ya shule, anakwenda wapi? Mwezi Machi aliomba kiwanja kijijini, upande wa Oldeani. Halmashauri ya kijiji ilisita, maana hana ukoo hapa. Mwenyekiti, Mzee Yohani, alimuuliza mbele ya wajumbe:

“Mwalimu, niwie radhi. Siku ukifa, habari tumpelekee nani?”

“Mtakuwa nayo ninyi, Mwenyekiti. Inatosha.”

“Na kaburi?”

“Hapa hapa. Ila msianze kuchimba.”

Watu walicheka. Mzee Yohani hakucheka, alitaka jina. Ndipo akasimama Mama Marsela, mjumbe, ambaye watoto wake watatu walisomeshwa na mwalimu huyu.

“Habari niletewe mimi,” alisema. “Mpeni kiwanja, tumechelewa kukamua ng'ombe.”

Akapewa. Nyumba aliyojenga hapo ina vyumba viwili, na asubuhi ukungu wa msitu wa Ngorongoro hufika dirishani. Jirani wa karibu ni Mama Marsela, ng'ambo ya korongo. Mwalimu anahamia Jumamosi. Vitu vyake havijazi tela la trekta.

Mwalimu Ndeshi, tunakushukuru kwa kazi yako yote. Ukae salama, kwako.