Bakuli Lililokaa Kwetu

Wakubwa zangu wa kikundi cha hapa Rasbura, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Nimeitwa niwaeleze jinsi ghala lenu la chakula lilivyotuokoa nyumbani kwetu Kilangala, na nadhani mnataka niseme asante ili mwaka huu magunia yaongezeke. Nitasema. Lakini mnivumilie, asante yangu ina uchungu ndani yake na sikuja kuuchuja.

Nilisoma uchumi chuo kikuu. Niliporudi nyumbani bila kazi, nilikuwa na swali kwa kila kitu. Kwa nini kijiji kinachouza korosho na ufuta kinalala njaa? Wazee waliniambia ni mipango ya Mungu. Kiongozi mmoja aliniambia kwetu hakuna njaa, kuna upungufu wa chakula. Ndugu zangu, nawaambia, nimelala na huo upungufu. Unauma vilevile.

Mwaka ule niliorudi, mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Pesa ya korosho ilikuwa imeshaezeka nyumba baada ya upepo kung'oa bati. Na mama alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu.

Jirani yetu, mama mmoja nisiyemtaja ingawa yumo humu kikundini na ameshaanza kutazama chini, alituletea bakuli la ugali na kisamvu. Tulikula, mama akaliosha bakuli. Shida ikaanzia hapo. Nyote mnajua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utatia embe, utatia karanga, hata chumvi utaifunga kwenye jani. Sisi hatukuwa na cha kutia. Bakuli likalala kifudifudi juu ya kichanja, siku zikapita.

Jirani alipotuita kwake kula, mama alimjibu kutoka uani, "Ahsante, mwenzangu, leo tumeshiba." Tulikuwa hatujala tangu jana yake. Nilimwambia, "Mama, lirudishe tu hivyohivyo."

"Tupu? Huko chuo walikufundisha kutukana watu?"

Kisimani jirani akamtania mbele ya wanawake wenzake, "Hivi bakuli langu limeolewa huko kwenu?" Wakacheka. Mama naye alicheka. Tuliporudi nyumbani alikaa chini na ndoo ya maji pembeni yake mpaka jua likazama.

Mtauliza, na ghala je? Ghala lilikuwepo. Lakini wakati ule mlikuwa mnawaita watu mbele ya ofisi ya kijiji, kila mmoja ashike mfuko wake apigwe picha. Picha zile zilifika kwenye simu zetu kabla unga haujafika chunguni. Mama aliziona akasema, "Bora nife na jina langu."

Nilidhani anatia chumvi. Kisha nikakuta vidonge vyake vimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu, vingi, havijamezwa.

"Vinanichoma tumbo tupu," alisema. "Natapika. Nitaanza tena mvua zikijibu."

Yaani ugonjwa nao usubiri mvua. Nilisimama, nikalichukua lile bakuli.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kulirudisha."

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu."

"Usinivue nguo mbele za watu, mwanangu."

Nilikwenda. Sikulifunika hata kwa kitambaa.

Jirani alikuwa anamenya muhogo na wenzake. Alilipokea kwa mikono miwili huku anacheka, "Haya, bibi harusi karudi kwao." Akatazama ndani. Kicheko kikakatika.

"Tupu?"

"Tupu, mama."

"Mama yako ndiye kakutuma?"

"Hapana. Kanikataza."

Aliweka kisu chini. "Tangu lini hamna cha kutia?"

"Tangu ulipotuletea."

Jioni ile alikuja mwenyewe na mahindi, kunde na dagaa kutoka ghalani. Hakumpa mama mfuko. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, nipe ndoo yenu. Mimi leo sikuja na bakuli." Akamimina, akakunja mfuko wake, akaondoka. Hakuacha chombo cha kurudishwa.

Mama alikula. Mimi alinipakulia akiwa amenipa mgongo. Zahanati walimgombeza, wakamwanzishia dawa upya, akazimaliza. Leo analima. Kama amenisamehe kwa kumvua nguo, sijui, na sijamuuliza. Ndilo swali pekee ninaloliogopa.

Jirani yangu alibishana kwenye kikundi hiki mpaka picha zikakoma. Sasa chakula kinapelekwa nyumba kwa nyumba na kumiminwa kwenye chombo cha mwenye nyumba. Kwa hilo nawashukuru, na namshukuru yeye, na hii asante haina uchungu.

Uchungu uko hapa. Nyuma ya nyumba yetu aliishi mzee mmoja, peke yake. Yeye pia kila akiulizwa alikuwa ameshiba. Hakuwa na mtoto mkorofi wa kumbebea bakuli tupu njiani. Tulimzika msimu uleule. Siku ya hitima yake tulipika wali kwenye masufuria makubwa, kijiji kizima kikala kikasaza. Nimeuliza ule wali ulikuwa wapi wiki moja kabla. Na mimi pia niliula.

Kwa hiyo leteni magunia, yanahitajika. Lakini mtu mwenye njaa kwetu haji ghalani, anawaambia ameshiba. Leo mkifika nyumbani, tazameni vyombo vyenu. Kama kuna bakuli halijarudi, msilidai. Lifuateni, na mwende na kitu mkononi.