Jibu Alilompa Fundi wa Cherehani

Mliokaa na mliosimama huko nyuma juani, tuvumilieni kidogo. Marehemu alikuwa mtu wa maneno mengi. Haya machache yanasomwa na mdogo wake wa kike, kwa agizo lake mwenyewe, na alisema yasipunguzwe.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa. Baba alikuwa akileta nyumbani karatasi zilizoharibika mtamboni, na marehemu akajifunzia kusoma humo, kurasa zisizo na mwanzo wala mwisho. Mama alipenda kumtania kwamba ndiyo maana alizoea kujitungia mwisho wa kila kitu.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1972. Kiingereza kilimkaa mdomoni. Mwalimu akiuliza, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha, na huko ndiko alikopata jina la Jibu. Halikumtoka tena, hata mkewe alimwita hivyo.

Tangu Januari 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011, alifundisha Kiingereza na fasihi katika sekondari ya wavulana. Jioni, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vioo, alifundisha watu wazima waliojiandaa kwa mtihani wa ukarani: maswali ya Kiingereza, ya fasihi, na ya sheria za msingi. Sheria hakuisomea. Aliikariri kwenye kitabu cha maswali na majibu, akaifundisha kwa sauti ileile ya tamthilia, na wanafunzi wakafaulu. Basi mtaa mzima ukaamua kuwa ni wakili. Walimshika njiani na mambo ya mirathi, ya mipaka ya viwanja, ya mbwa aliyeng'ata mtu. Yote aliyajibu. Kusema "sijui" kulimuuma kama kung'olewa jino.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa mkunga wa zahanati ya jirani. Kabla ya kukubali, mkunga alitaka kujua kama anaweza kupika. Akasema anaweza sana. Wiki ya kwanza walikula wali ulioungua chini na mbichi juu, naye akaeleza kitaalamu kwa nini ndivyo unavyotakiwa uwe.

Sasa tufike pale alipotaka tufike. Mwaka 1996, dada mmoja fundi wa cherehani, aliyeshona sare za shule ng'ambo ya barabara, aliletewa samansi ya kufika mahakamani. Mwenye jengo alitaka kumtoa dukani. Fundi akapanda ngazi hadi darasani. Jioni hiyo Jibu alikuwa ametoka kufundisha haki za mshtakiwa, akamwambia, "Mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya. Usiende. Kuthibitisha ni kazi yao." Kwenye mtihani jibu hilo linapata alama zote, ila ni la mtu wa kesi ya jinai. Hii ilikuwa kesi ya madai, na asiyefika huhukumiwa bila yeye. Fundi hakwenda. Mwezi haukuisha, dalali wa mahakama akatoa cherehani zake barabarani pamoja na vitambaa vya watu, na mvua ikavikuta huko.

Mtaa ukasema fundi ni mzembe, kadharau mahakama. Wateja wakamkimbia. Jibu aliyasikia hayo kwa kinyozi, sokoni, hata mezani kwake, akanyamaza. Alikwenda kumwomba radhi, lakini faraghani, mlango umefungwa. Fundi akamwambia, "Mwalimu, umeniharibia mbele ya watu. Mbona unanitengeneza chumbani?"

Tangu hapo, aliyemuuliza jambo la sheria alisindikizwa hadi ofisi ya msaada wa kisheria, na Jibu akakaa naye kwenye benchi mpaka zamu yake. Mlisema ni ukarimu. Ilikuwa aibu, ndugu zangu. Alizunguka nyuma ya maghala ili asipite mbele ya kibaraza alikohamia fundi. Nasi nyumbani tulijua, tukaona haya pamoja naye, tukafunga midomo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2012. Mwaka huu alilazwa mwezi Mei, na mdogo wake huyu anayesoma alipokuwa akimnywesha maji, marehemu alimshika mkono. "Nimejitetea kwa kunyamaza," alisema. "Siku ya kunizika watakuwepo wote. Waambie." Mdogo wake akamwambia ni bora apone aseme mwenyewe. Akasema uso huo hana. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Juni 2015.

Basi mmeambiwa. Fundi hakudharau mahakama. Aliambiwa asiende, na aliyemwambia ni huyu tunayemzika. Dada fundi, tumekuona hapo karibu na lango. Familia inakuomba radhi hapahapa, mlango uko wazi, watu wote wanasikia.

Marehemu ameacha mke, binti mhasibu, mwana fundi wa majokofu, wajukuu wanne, na mdogo wake huyu.

Mwisho wa karatasi kama hii huandikwa kwamba apumzike kwa amani. Sisi tumepaacha wazi. Fundi akiona inafaa, aseme yeye.