Mama Kimya, Korongo na Mabuti ya Kijani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Kimya anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha kutibu wanyamapori kwa miaka thelathini na mmoja. Uongozi uliomba wasifu huu uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri. Mimi ni mtunza stoo. Nimempa jozi kumi na nne za mabuti ya mpira na mashuka ya kijivu yasiyo na idadi, na hakuna hata kimoja kilichorudi kikiwa kizima, kwa hiyo namfahamu.

Hakuajiriwa kama sisi wengine. Alikuja na kobe kwenye beseni, gamba limepasuka baada ya kugongwa na baiskeli. Akamkabidhi kwa Daktari, akasema ataketi kidogo aone itakuwaje. Siku ya nne, akiwa bado ameketi, mtu akamshikisha ufagio. Mwezi uliopita ofisi ilitafuta barua yake ya kuomba kazi, ikaambulia fomu ya kobe tu, yenye jina lake chini kama aliyemleta mgonjwa. Kwa mujibu wa faili, muda wote huu yuko hapa anasubiri majibu.

Kutoka kwenye ufagio alipanda hadi jiko la wanyama, kisha karantini, na mwishowe akawa mkuu wa walezi wa makinda. Huko ndiko alikoweka sheria yake: mnyama wa porini asizoee sauti wala sura ya binadamu, la sivyo hatarudi kwao. Ukiingia bandani unajifunika shuka la kijivu, unalisha kwa soksi iliyoshonewa mdomo wa mbao, na kinywa hufungui. Mwalimu mstaafu anayejitolea siku za Jumanne aliwahi kumwambia bundi pole, neno moja tu, akahamishiwa kufua taulo kwa wiki tatu. Lakini msidhani Mama Kimya ni mtu wa maneno machache. Yote aliyoyabana bandani aliyamwaga saa nne katika chumba cha chai, na chai zetu zilipoa tukimsikiliza.

Mwaka jana aliletwa korongo mchanga aliyeanguka kutoka kiotani. Mama Kimya akamlea kwa shuka na soksi mpaka akaota manyoya na kujua kuruka. Tukampeleka bwawani kumwachia huru. Tuliporudi kituoni tukamkuta ameshatangulia. Mara ya pili tukampeleka ng'ambo ya vilima, akarudi siku ya tatu. Mara ya tatu akarudi akiwa na matope hadi magotini, maana sehemu ya safari inaelekea alitembea.

Hapo Daktari akatukumbusha utaratibu: ndege akirudi mara nne, anabaki kwenye tundu maisha yake yote. Mama Kimya alikuwa amebakiza miezi miwili kazini. Kwa mara ya kwanza chumba cha chai kikawa kimya. Aliamini kosa ni lake, akaandika ripoti ya kurasa mbili akikiri kwamba amewahi kupiga chafya bandani, mara mbili, mwezi wa tatu. Alikonda. Hakuogopa kustaafu hata kidogo. Aliogopa kumwacha yule ndege nyuma ya nyavu kwa sababu yake.

Aliyegundua siri alikuwa mwalimu wetu, kupitia dirisha la kufulia, mahali alipopazoea. Aliona kwamba korongo akirudi haendi bandani wala jikoni. Anakwenda kwenye uzio yanapokaushwa mabuti ya kijani ya Mama Kimya, anasimama kando yake na kuyapapasa kwa mdomo taratibu. Shuka lilimfikia Mama Kimya magotini. Kwa hiyo tangu utotoni korongo aliona shuka, soksi na mabuti, na katika hivyo vitatu akachagua mabuti kuwa mama yake.

Mashuka marefu yalikuwa yameombwa stoo. Mtunza stoo akatoa mafupi, akidai marefu yatamkwaza mtu. Nakiri hapa kwa maandishi kwa sababu niliahidiwa kwamba nisipokiri mwenyewe, nitasemwa kwenye sherehe.

Mama Kimya alifurahi, kisha akanuna. Mwaka mzima wa kulisha, na anayependwa ni buti! Kwa siku mbili aliyatazama yale mabuti kama mke mwenza.

Wiki mbili zilizopita tukampeleka tena bwawani, kumwachia kwa mara ya nne. Mabuti yalibaki stoo chini ya kufuli mbili. Mama Kimya alivaa viatu vyake vya harusini, vyenye visigino, vikawa vinazama topeni kila hatua. Korongo akatoka kwenye kreti, akatutazama, akaangalia miguu ya Mama Kimya, mmoja kisha mwingine. Hakuona mtu anayemjua. Akaruka juu ya matete, akaenda.

Sheria inasema ukishamwachia mnyama hupungi mkono, humwiti, unageuka na kuondoka. Mama Kimya aligeuka wa kwanza. Garini alisema vumbi limemwingia machoni, na mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nakagua uzio kila siku. Korongo hajarudi.

Kwa hiyo Ijumaa saa kumi, Mama Kimya atakapotoka getini, tutafuata sheria yake. Hakuna kupunga mkono, hakuna kumwita, na mwalimu hata neno pole asilitamke. Tutageuka. Wengine tutakuwa na vumbi machoni, tunaomba msituulize.

Asante kwa kutufundisha kumpenda mnyama bila kumdai chochote. Tunakuombea miguu mikavu, chai ya moto, na miaka mingi ya kuongea saa yoyote upendayo. Zawadi yako ni ile fomu ya kwenye faili, tumeitia fremu. Daktari ameijaza sehemu ya chini iliyobaki wazi miaka thelathini na mmoja, akaweka saini na muhuri. Kobe amepona, Mama. Unaweza kwenda nyumbani.