Kura 412 za Judica Namsifu Mgonja (1974–2026)

Wasifu huu umeandaliwa na familia na unasomwa na mdogo wa marehemu, Theophil, katika ibada ya kumuaga hapa Guangzhou, kabla ya safari yake ya mwisho kwenda nyumbani.

Marehemu Judica Namsifu Mgonja alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika milima ya Upare, wilayani Same, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mwalimu Eliamani Mgonja na Mama Nakiete. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Huko alifundishwa na baba yake mwenyewe, aliyemchapa mara mbili ya wenzake ili asionekane anampendelea. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992, kisha akasomea uhazili Dar es Salaam.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Benjamin Mshana, fundi umeme. Mungu aliwajalia watoto wawili, Imelda na Yohane.

Alikuja Guangzhou Mei 2007 kununua nguo. Siku zake za mwanzo pale Shahe, kwenye soko la nguo, mwenye duka mmoja alimwambia "meiyou", yaani hakuna, ilhali marobota ya sketi alizozitaka yalionekana nyuma yake. Judica alikaa juu ya robota, akatoa chapati, akala taratibu, akamkaribisha na mwenye duka. Baada ya saa moja sketi zilipatikana. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita dajie, dada mkubwa. Mwaka 2011 alifungua ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Dengfeng, na wateja waliofungiwa makontena naye kwenda bandari ya Nansha walilala usingizi bila wasiwasi.

Chama chake alikipenda kama kanisa. Tawi la Guangzhou lilizaliwa ofisini kwake mwaka 2013, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa katibu. Viongozi waliotoka nyumbani aliwapokea uwanja wa ndege, akawazungusha madukani, akawafungia mapazia na makochi yao. Mmoja wao, mwenyekiti wa wilaya, Mzee Wilbard, alimwambia akiwa mezani kwake anakula samaki, "Binti yangu, jimbo lile linakungoja wewe. Njoo ugombee ubunge, sisi tupo."

Judica alimwamini. Juni 2025 alimwachia mumewe ofisi, akaenda. Palipokosa barabara alipanda milima kwa miguu. Katika kura za maoni za Agosti alipata kura 412. Wa pili alipata 96. Wa tatu, mkwe wa Mzee Wilbard, alipata 31. Wiki mbili baadaye jina lililorudi kutoka juu lilikuwa la yule wa tatu.

Alimfuata mzee ofisini pamoja na Theophil.

"Mzee, mimi ndiye niliyeshinda."

"Umeshinda kura za maoni, mama," alijibu Mzee Wilbard, macho kwenye simu. "Maoni ni maoni. Tumeyasikia."

"Basi nakata rufaa."

"Kata. Inakuja mezani kwangu."

Kisha akampa sharti: kama bado ni mwanachama, Jumapili apande jukwaani amnyanyue mkono mgombea. Theophil alimsihi asiende. Judica alisema, "Chama hakijanikosea, walionikosea ni watu." Akaenda, akaunyanyua ule mkono. Wale waliompigia kura walimzomea: "Kauza! Kauza!" Shangazi yake, Loyce, aliyemwombea kura nyumba kwa nyumba, aliivua khanga yake ya kampeni mbele ya umati, akamtupia. "Ungetuambia mapema kwamba unauza," alisema, "tusingechosha miguu yetu."

Hakuuza chochote. Hakupokea hata senti moja. Alilisema hilo kila mahali, na kila mahali watu walitikisa vichwa wakicheka. Mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kupanda jukwaa lolote, alinyimwa salamu sokoni.

Alirudi Guangzhou Oktoba. Kabla hajamaliza kufungua mabegi, tawi alilolianzisha lilimwondoa ukatibu kwa ujumbe wa mistari miwili kwenye kundi la WhatsApp. Alimwambia Benjamin kwamba hajali. Lakini kuanzia siku hiyo alipita njia ya nyuma kwenda ofisini, asikutane na Watanzania wa Dengfeng.

Tarehe 11 Januari 2026 alianguka ofisini kwa kiharusi. Alipoteza kauli na upande wote wa kulia. Wiki iliyofuata simu yake ililia wodini. Benjamin aliipokea, ikiwa kwenye spika. Aliyepiga alikuwa mbunge mpya, yule wa kura 31.

"Mama Judica yupo? Tunatua Ijumaa na ujumbe wa watu sita. Atupokee kama kawaida."

"Amelazwa. Hawezi kusema."

"Ooh, pole sana. Basi nipe namba ya mtu mwingine anayeyajua maduka."

Judica alisikia kila neno. Aligeuza uso ukutani, na siku ile hakumtazama tena mtu yeyote. Alifariki dunia tarehe 2 Februari 2026, saa kumi na mbili asubuhi, Imelda akiwa ameushika mkono wake wa kushoto.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na ndugu wanne. Atazikwa kwao Same, kando ya baba yake.

Chama kimeleta salamu za rambirambi zinazomwita Judith. Kimeomba jeneza lifunikwe bendera ya chama, na mbunge apewe dakika tano makaburini. Familia ilikaa na kulipigia kura ombi hilo. Mama Nakiete alipiga yake kwa simu kutoka Same. Kura zote nane zilikataa. Matokeo hayo ni ya mwisho.

Judica wetu na apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumkata jina.