Chandarua cha Mchana

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la baba. Alikuwa kifungua mimba. Mimi ndiye niliyemfuata. Katika maisha yangu yote ya biashara, ni yeye pekee niliyeshindwa kupatana naye bei.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, kisha chuo cha afya. Sekondari alirudishwa nyumbani mara moja, kwa kumwaga maji ya maua ya mwalimu mkuu. Alikuwa ameona viluwiluwi vya mbu.

Kuanzia 1984 alikaa dawati la afya, uwanja wa ndege. Mwenye homa hakumpita. Waliotua wazima aliwapigia simu siku chache baadaye: "Shemeji, umeamkaje? Macho yanauma kwa ndani? Basi aspirini usiguse, na usitoke. Mbu wetu wakikuonja, tumekwisha."

Mwaka 1988 fundi mmoja wa majokofu alirudi safarini na homa ya dengi. Marehemu alimweka ndani ya chandarua mchana kweupe, maana mbu wa dengi hana haya, huuma jua likiwaka. Majirani walichungulia dirishani: "Bi harusi hajambo?"

"Chekeni tu," fundi akajibu. "Mwenzenu naletewa uji."

Alipopona hakutaka kuondoka. Walifunga ndoa Desemba, na maua ya ukumbini yalichomekwa kwenye mchanga mkavu.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Aliniita wodini, nikadhani ni habari za urithi.

"Mdogo wangu, watakuja watu kutoka ng'ambo kunizika. Mtaa ukiugua kwa msiba wangu, nimefanya kazi bure. Simama getini, uwaulize homa."

"Dada, mfiwa hahojiwi. Niwaulize wakishakula."

"Getini."

"Basi wa ndege tu. Wa basi wapite."

"Wote."

Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mimi.

Mjomba aliyetua juzi alisema anatetemeka kwa majonzi. Nilimgusa shingo, majonzi hayachemki hivyo. Amepimwa, ni dengi. Anaendelea vizuri ndani ya chandarua sebuleni, na anatusikiliza kupitia dirisha. Msimcheke, analetewa uji.

Dada, pumzika kwa amani. Getini nipo.