Ortwin Haberkorn, Mchongaji wa Jiwe la Ulmenrod (1936–2024)

Marehemu baba yetu hakuchonga tarehe kwenye jiwe lolote kabla ya kuuona ushahidi wake kwa macho yake mwenyewe. Aliivunja kanuni hiyo mara moja tu, akiwa na miaka kumi na tisa, na hakurudia.

Ortwin Haberkorn alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 hapa Ulmenrod, katika nyumba inayopakana na tanuri la mkate la kijiji, akiwa mtoto wa tatu wa Gerwin na Walburga Haberkorn. Alisema herufi na tarakimu alizijua kabla ya kuanza shule, kwa kupapasa ule mwaka 1748 uliochongwa juu ya mlango wa tanuri. Alisoma katika shule yetu ya chumba kimoja, ambayo sasa ni ghala la zimamoto, na mwaka 1951 akaanza kujifunza uchongaji mawe kwa fundi mmoja wa kijiji jirani.

Huko ndiko alikochonga jiwe la kaburi kwa kuambiwa tarehe kwa mdomo tu mlangoni, bila kuomba cheti. Mjane alipofika kuliona, alisema, "Kijana, mume wangu umemwongezea miaka kumi. Angekuwa hai angekuchapa, nami nisingemshika mkono." Baba alilichonga upya jiwe lile kwa siku zake za mapumziko. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kila mwaka, na kila mwaka alicheka kuliko sisi.

Alifanya kazi ya mawe kwa miaka hamsini. Daraja la kijito alilitengeneza mara mbili, ngazi za mnara wa kanisa mara moja, na kizingiti cha kinu cha maji alikirudishia jiwe lake la asili, ambalo mtu alikuwa amelifanya benchi ya bustani. Mtu huyo alikuwa mchungaji wa kanisa. Baba alilidai hivyo hivyo.

Mama yetu, Mechthild Kniesel, alimpata tanurini. Wenyeji mnajua kwamba Jumamosi tunapiga kura nani aoke kwanza, na wa kwanza hukuta tanuri limepoa, hivyo humaliza kuni zake kuwapashia moto wengine. Kura ya nafasi ya kwanza ilimwangukia mama wiki tatu mfululizo. Wiki ya tatu baba alimletea toroli la kuni. Mama akamuuliza, "Kaka, unanihurumia au unataka mkate?" Akajibu, "Mkate. Huruma baadaye." Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1962 na kujaliwa watoto wawili.

Mwaka 1998 kijiji kilijiandaa kuadhimisha miaka 750 tangu jina lake liandikwe mara ya kwanza, katika hati ya monasteri ya mwaka 1249. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Volkmar Kniesel, kaka wa mama. Baba aliombwa achonge mwaka 1249 kwenye jiwe jipya mbele ya tanuri. Kama kawaida yake, alikwenda kwanza kuitazama hati, kisha akaenda kulisoma kaburi la mkuu wa monasteri aliyeitia muhuri. Mwaka 1249 mkuu huyo alikuwa hajazaliwa. Watawa walikuwa wameiandika hati baadaye na kuiwekea tarehe ya zamani ili wadai mashamba yetu. Hati ya kwanza ya kweli ni ya 1313.

Aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima, ukumbini.

"Shemeji, wewe chonga tu," alisema mjomba Volkmar. "Jiwe halijui kusoma."

"Wajukuu wetu wanajua."

"Na vikombe mia nane vya bia vyenye 1249? Nivinywee peke yangu?"

"Utaweza. Nakufahamu."

Ukumbi ulicheka, lakini mjomba hakucheka. Sherehe ya 1999 ilifanyika, vikombe viligawanywa, na jiwe likabaki na jina ULMENROD peke yake, bila mwaka. Mjomba hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Hata mwaka 2011, tulipomzika mama, alisimama upande wa pili wa kaburi. Wengi walimwita baba mkaidi. Hao hao walinywea vikombe vile huku wakijua vimeandikwa nini, na hilo nalo liwekwe wazi leo.

Tarehe 16 Juni 2013 kijiji kilitimiza miaka 700 ya kweli. Asubuhi hiyo baba, mwenye miaka 77, alipiga magoti mbele ya jiwe na kumalizia tarakimu ya mwisho ya 1313. Mjomba Volkmar alipita katikati ya watu akiwa na kahawa ndani ya kikombe kile cha bia cha sherehe ya 1999, mwaka 1249 ukiwa umekwanguliwa kwa msumari.

"Inuka unywe, shemeji. Nimekikwangua mwenyewe."

Baba alikigeuza akakitazama. "Umekwangua vibaya."

"Mimi si fundi!"

Walicheka mpaka bendi ya sherehe ikaacha kupiga. Tangu siku hiyo walioka mkate pamoja kila Jumamosi, wakigombania kuni.

Vumbi la mawe lilimdhoofisha mapafu kuanzia 2020. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, tanuri likiwa limewashwa na mkate wa mjomba ukiwa mezani.

Ameacha watoto wawili, Gesine na Arndt, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na shemeji yake Volkmar, aliyetaka haya yote yasomwe.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani. Mwaka uliochongwa mbele ya tanuri ni wa kweli. Ulimgharimu miaka kumi na minne bila shemeji yake, na mama alikufa bila kumwona kaka yake akirudi mezani kwake.