Rudi Ukafanye Mtihani

Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe shoga yangu usijifiche hapo mlangoni, kikohozi chako nakijua tangu darasa la kwanza. Leo sauti ninayo, kesho sijui, kwa hiyo nisikilizeni mpaka nimalize. Machozi baadaye.

Nyumba ni yenu wawili. Cherehani zote mbili nampa shoga yangu. Wewe kitinda mimba usinitolee macho. Nimesikia ulivyomnong'oneza kaka yako kwamba unaacha chuo uje uniuguze na kushika kibanda changu cha kushona. Mtihani wako ni Jumatatu. Utarudi. Ukimaliza chuo na bado unataka kushona, utapewa cherehani moja. Kabla ya hapo ukigusa pedali, shoga yangu ana ruhusa ya kukuchapa.

Unaogopa nitabaki peke yangu? Muulize kaka yako alivyosoma. Siku anakwenda chuo, kila mama wa uchochoro huu alitaka kumfungia mzigo wa safari, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analeta nini. Mtoto akashuka kwenye basi na ndoo saba, godoro hana! Akanipigia simu: "Mama, wananiita Muuza Ndoo." Shoga yangu akaninyang'anya simu. "Zigawe basi, mwanangu, unalia nini kama bomba bovu?" Akazigawa bweni zima. Waliopewa ndoo ndio waliomkaribisha kwenye magodoro yao, ndio waliomburuta darasani mwaka wa pili alipotaka kukata tamaa, na ndio waliojaa harusini kwake mpaka viti vikaisha.

Siku hizi hapa uchochoroni tunaulizana. Jirani wa chumba cha pili ananiogesha, fundi viatu ananisomea gazeti, anasoma vibaya lakini anasoma, na shoga yangu analala hapa na kukoroma. Nafasi yako haipo, mwanangu. Watu wamejaa.

Shangazi yenu, yule aliyetangaza kwamba gauni langu la harusi limepinda, ndiye anayekupikia kila Jumapili huko chuoni. Sijamsamehe. Lakini mpe salamu zangu, na umrudishie sahani zake zikiwa safi.

Naombeni maji... Asante. Nikiondoka ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, hakuna atakayekuja kukuita, nimewaapisha wote. Maliza swali uliloanza. Hakikisha umeandika namba yako. Ukitoka utamkuta shoga yangu getini, naye atakuambia kama ni kulia au ni kwenda kula.

Mungu awape watu, wanangu. Watu tu... mengine mtayatafuta wenyewe. Kaka yako akusindikize stendi, ukae kiti cha mbele, nyuma kunarusha... Hapana, usinikumbatie, utachelewa basi.

Haya, njoo. Upesi.